Damu kabla ya hospitali: maswali mnayouliza sana kuhusu majeruhi kuongezewa damu njiani

Haya ni maswali ambayo watu huuliza sana wakisikia kuna nchi majeruhi anatundikiwa damu palepale barabarani, kabla hajafikishwa kwa daktari wa upasuaji. Sijayapanga kwa umuhimu. Mengine nimejibu kwa kirefu sababu ndo yenye ubishi, mengine mstari mmoja unatosha.

Hivi kweli kuna watu wanaongezewa damu barabarani?

Kweli kabisa, na hamna maajabu hapo. Wanajeshi wa Uingereza waliokuwa Afghanistan walianza kubeba damu kwenye helikopta ya kuokoa majeruhi mwaka 2008, uraiani helikopta ya dharura ya London ikafuata 2012, ile yenye daktari na paramediki (mhudumu wa dharura wa kwenye ambulensi) ndani. Bergen kule Norway walianza kubeba damu nzima mwishoni mwa 2015, na San Antonio, Texas, 2018 wakaweka kwenye helikopta na baadaye mwaka huohuo kwenye magari ya zimamoto na uokoaji. Wazo lenyewe ni la zamani kuliko hapo. Kwenye vita ya kwanza ya dunia, 1917, daktari mmoja wa jeshi la Marekani anaitwa Oswald Robertson alikuwa anahifadhi damu ya kundi O kwenye chupa zenye barafu karibu na mstari wa mbele, na 1936 daktari Mkanada Norman Bethune alikuwa anazungusha damu kwa gari kwenye vita ya Hispania. Kwaiyo sio teknolojia ya kesho hii, ni kitu kilichosahaulika kikarudi.

Si wangemkimbiza tu hospitali? Kwa nini wapoteze mda barabarani?

Swali zuri, na hata madaktari wenyewe wanabishana hapa. Mtu mzima ana damu kama lita 5 hivi, mshipa mkubwa wa paja ukikatika au ini likipasuka anaweza kuisha ndani ya dakika chache, sasa kama hospitali iko dakika 8 kutoka hapo, kusimama kutafuta mshipa na kufunga dripu ni kumchelewesha, mpakie mwende. Lakini kama hospitali yenye daktari wa upasuaji iko mwendo wa dakika 40 au saa nzima hesabu inabadilika kabisa, maana huyo mtu atafia njiani huku mmekaa naye mnamwangalia. Na timu zinazojua kazi hazisimami kusubiri, damu inafungwa huku gari linatembea au helikopta iko angani.

Kwani dripu ya maji ya chumvi haitoshi? Si ndo tumezoea kuona?

Tumezoea kuiona sababu ni rahisi, haihitaji friji na haina kundi. Ila fikiria mchuzi umepungua ukaongeza maji, sufuria imejaa ndio, lakini ule si mchuzi tena. Maji ya chumvi hayabebi oksijeni, hayana vitu vya kugandisha damu, na vile vichache vilivyobaki mwilini vinazidi kupunguzwa makali. Alafu presha ikipandishwa kwa nguvu kabla tundu halijazibwa, bonge la damu lililokuwa limeanza kuziba linasukumwa linatoka, damu inaanza upya.

Hili lilipimwa. Houston, Texas, kwenye utafiti uliotolewa 1994, watu 598 waliochomwa visu au kupigwa risasi kiwiliwili waligawanywa, wengine wakapewa maji mengi tangu njiani, wengine maji yakasubiri mpaka wafike chumba cha upasuaji. Waliosubirishwa walipona asilimia 70, waliopewa mapema 62. Watu wengi wa fani walishtuka maana ilikuwa kinyume na walivyofundishwa.

Kuna na mambo matatu ambayo yakikutana kwa majeruhi ni hatari sana: mwili kupoa, damu kuwa na tindikali, na damu kushindwa kuganda. Kila moja linachochea mwenzake. Maji ya chumvi ya baridi yakimiminwa kwa wingi yanasukuma yote matatu upande mbaya.

Damu ya kundi gani wanaweka, wakati hawajampima?

Kundi O. Chembe nyekundu za O hazina alama za A wala B kwaiyo mwili wa mtu wa kundi lolote hauzishambulii. Kwa wasichana na wanawake ambao bado wanaweza kuzaa wanapendelea O hasi (isiyo na alama nyingine inayoitwa Rh, yenye nayo ndo O chanya), sababu mwanamke mwenye Rh hasi akipewa O chanya mwili wake unaweza kutengeneza kinga itakayokuja kumdhuru mtoto kwenye mimba ya baadaye. Wanaume na wanawake waliovuka umri wa kuzaa wanapewa O chanya, inapatikana kirahisi zaidi. Ila kama iliyopo ni O chanya tu na huyo dada anakufa mbele yako, anawekewa, hilo la mimba litashughulikiwa akiwa hai.

Kitu watu hawakijui: kabla ya kufungua damu, timu inajitahidi kuchukua sampuli kidogo ya damu yake mwenyewe. Ikichukuliwa baadaye, maabara wanapata mchanganyiko na wanasumbuka kujua kundi lake halisi.

Wanajuaje huyu anahitaji na huyu hahitaji?

Hawaangalii wingi wa damu iliyomwagika chini, hiyo inadanganya, damu nyingi inaweza kuwa imejificha tumboni, kifuani au kwenye nyonga na nje huoni hata tone. Wanaangalia presha na mapigo ya moyo kwa pamoja. Utafiti mmoja wa Marekani ulichukua watu ambao presha ya juu (ile namba ya kwanza kwenye kipimo) iko chini ya 90 huku moyo unapiga zaidi ya 108 kwa dakika, au presha iko chini ya 70 basi bila kujali mapigo. Njia ya haraka ambayo wengi wanatumia ni kugawa mapigo kwa presha ya juu: mapigo 120, presha 80, unapata 1.5. Ikifika 1 kwenda juu ujue mambo yameharibika. Wanaangalia pia rangi ya ngozi, jasho la baridi, mtu kuchanganyikiwa au kuanza kusinzia. Vijana wanadanganya sana hapa, presha inabaki nzuri mpaka dakika ya mwisho alafu inaporomoka ghafla.

Sasa utafiti unasemaje, inaokoa maisha au ni mbwembwe?

Hapa tukae kidogo maana kila upande una utafiti wake wa kukutupia usoni.

Afghanistan, majeruhi 502 wa jeshi la Marekani walioumia kati ya 2012 na 2015, walioongezewa damu njiani walikufa asilimia 5 ndani ya saa 24, ambao hawakuongezewa asilimia 19. Inavutia, ila hawakugawanywa kwa bahati nasibu, na majeraha ya bomu kwa askari mwenye miaka 24 sio sawa na ajali ya basi.

PAMPer, Marekani, 2018, huu uligawanya kwa bahati nasibu. Watu 501 waliobebwa na helikopta, kundi moja likapewa chupa 2 za plazma (yale maji ya manjano ya damu yenye vitu vya kuigandisha), jingine huduma ya kawaida. Mpaka siku ya 30 waliokufa ni asilimia 23.2 kwa waliopewa plazma na 33.0 kwa ambao hawakupewa. Karibu watu 10 kwa kila 100, tofauti kubwa hiyo.

Mwaka huohuo Denver wakatoa COMBAT, plazma tena, ila kwa ambulensi za barabarani ndani ya jiji. Wagonjwa 125, hamna tofauti yoyote. Watu wakaanza kusema aah, kumbe. Lakini ukiangalia mda ndo unaelewa: Denver mtu alikuwa anafika hospitali chini ya nusu saa tangu aumie, ambulensi iko jirani na hospitali iko jirani. Wale wa helikopta walikuwa njiani kama dakika 40. Baadaye walipounganisha data za tafiti zote mbili ikaonekana faida ya plazma inatokea pale safari ikizidi dakika 20.

Alafu Uingereza wakaja na RePHILL, ikatolewa 2022, watu 432, upande mmoja chembe nyekundu pamoja na plazma ya unga, upande mwingine maji ya chumvi tu. Walipima vifo pamoja na kasi ya mwili kusafisha laktati, ile tindikali inayojaa mwilini oksijeni ikipungua, matokeo mabaya yakawa 64 kwa 65 kwa mia, yaani sawa. Hii iliwauma wengi waliokuwa wameshaamini.

Mimi navyoona, tafiti hizi hazipingani kama watu wanavyozipigia kelele. Damu njiani haimsaidii kila mtu anayevuja damu. Inamsaidia yule ambaye safari yake ni ndefu kiasi cha kumuua lakini sio ndefu kiasi kwamba chupa mbili zitakuwa zimeisha na hamna nyingine. Jiji lenye hospitali kila kona halihitaji sana, wilaya ya mbali inahitaji mno, na kwa bahati mbaya pesa ya kununua hivi vitu iko kwenye jiji.

Damu nzima ni ipi, na kwa nini sasa hivi kila mtu anaisifia?

Kawaida damu ikichangwa inatenganishwa: chembe nyekundu huku, plazma huku, chembe sahani, zile zinazoziba tundu kwenye mshipa, kule. Kwa hospitali ni vizuri sababu mchangiaji mmoja anasaidia wagonjwa watatu wenye shida tofauti. Ila anayevuja damu anapoteza vyote kwa pamoja, na kubeba mifuko mitatu tofauti kwenye helikopta, mmoja wa friji, mwingine umeganda, mwingine unatakiwa ukae nyuzi 20 mpaka 24 ukitikiswa muda wote, ni usumbufu. Damu nzima ni mfuko mmoja, kama mililita 500, una kila kitu.

San Antonio wanachukua kwa wanaume wa kundi O chanya ambao plazma yao imepimwa ikakutwa na kinga chache dhidi ya A na B. Kwa nini wanaume? Sababu mwanamke aliyewahi kubeba mimba anaweza kuwa na kinga fulani kwenye plazma ambayo ikiingia kwa mgonjwa inaleta shida kwenye mapafu. Mei 24, 2022, baada ya risasi kupigwa shuleni Uvalde, damu ilirushwa kwa helikopta kutoka San Antonio kuelekea huko, ilikuwa tayari ipo sababu mfumo ulishajengwa. Siku ya tukio huwezi kuanza kutafuta wachangiaji, damu ikichangwa leo haitumiki leo, lazima ipimwe kwanza.

Inakaaje bila kuharibika kwenye gari?

Kwenye boksi maalumu lenye vipande vilivyogandishwa, joto lisivuke nyuzi 2 mpaka 6, na kuna kifaa kidogo kinarekodi joto muda wote. Ikivuka, mfuko unatupwa. Wakati wa kumwekea mgonjwa inapitishwa kwenye kifaa cha betri kinachoipasha mpaka karibu na joto la mwili, maana kumwingizia mtu aliyepoa damu ya nyuzi 4 ni kumpoza zaidi.

Isipotumika inamwagwa?

Hapana, na hapa ndo ujanja ulipo. Kabla tarehe haijaisha inarudishwa hospitali kubwa inayotumia damu kila siku, inatumika kule, gari linapewa mpya. Uingereza sehemu kadhaa wanaozungusha hizo boksi ni waendesha pikipiki wa kujitolea, hawalipwi, wana kazi zao za mchana alafu usiku wanabeba damu. Mfumo usio na hospitali kubwa ya kupokea damu inayorudi utaishia kutupa damu tu, na kutupa damu ya mtu aliyejitolea ni dhambi.

Plazma ya unga ni nini tena hiyo?

Plazma iliyokaushwa mpaka ikawa unga, unachanganya na maji yake, dakika chache iko tayari. Ujerumani wanayo ya Msalaba Mwekundu wao, Wafaransa wanayo ya jeshi, na Afrika Kusini wanatengeneza yao tangu miaka ya 90. Haihitaji kugandishwa, inavumilia joto la chumba. Kwa mazingira ya umeme wa kukatika mimi naiona hii ina nafasi kuliko helikopta zote. Bei ndo kikwazo.

Ile sindano ya kuzuia damu kutoka, ni mbadala wa damu?

Sio mbadala, inasaidiana nayo. Inaitwa asidi ya traneksamiki. Haigandishi damu, inazuia bonge lililokwisha ganda lisiyeyuke. Utafiti wa CRASH-2 wa 2010 ulikuwa na wagonjwa zaidi ya 20,000 kwenye nchi 40, nyingi zenye kipato kama chetu, vifo vikashuka kutoka asilimia 16.0 kwenda 14.5. Dozi ni gramu 1 ndani ya dakika 10, alafu gramu 1 nyingine ndani ya saa 8. Sharti kubwa ni ipewe ndani ya saa 3 tangu mtu aumie, baada ya hapo inaweza kuongeza vifo badala ya kupunguza. Haihitaji friji wala kundi na bei yake ni ndogo. Ukiniuliza kituo cha afya cha pembeni ya barabara kuu kianze na nini, nitasema hii kabla hatujaongelea damu.

Kuna madhara gani?

Yapo. Damu iliyohifadhiwa ina sitreti ya kuzuia isigande kwenye mfuko, ikiingia mwilini kwa wingi inashika kalsiamu, na bila kalsiamu moyo unalegea na damu haigandi, ndo maana timu nyingi zinatoa kalsiamu mapema, baada ya chupa ya kwanza au ya pili. Kuna mzio, homa, shida ya mapafu. Kosa baya kuliko yote ni la karatasi, mgonjwa hana jina, mifuko imechanganywa, hakuna anayejua alipewa nini. Kwaiyo namba ya kila mfuko inaandikwa na mgonjwa anavalishwa utepe mkononi hata kama ni gizani na mvua inanyesha.

Na magonjwa kama ukimwi?

Damu ya njiani ni ileile ya benki ya damu, imepimwa virusi vya ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende. Kinachorukwa njiani ni kulinganisha na damu ya mgonjwa, magonjwa yamepimwa kitambo.

Kama mgonjwa ni Shahidi wa Yehova?

Akiwa anajitambua akakataa, hawekewi. Wengi wanatembea na kadi yao mfukoni, timu ikiiona inaiheshimu. Akiwa hajitambui na hana kadi anatibiwa kama mtu yeyote.

Lazima awe daktari anayeweka?

Inategemea nchi. London daktari yupo, San Antonio ni maparamediki wenyewe kwa mwongozo ulioandikwa. Cha msingi ni mtu aliyefundishwa kufunga mshipa haraka, au kuingiza sindano kwenye mfupa pale mishipa inapokuwa imesinyaa.

Rwanda si wanapeleka damu kwa drone? Hiyo sio hii?

Inafanana ila sio hii. Tangu Oktoba 2016 drone zinarushwa kutoka Muhanga, baadaye na Kayonza, zinadondosha damu kwa parashuti kwenye uwanja wa hospitali za mbali. Damu inamfuata mgonjwa aliyeshafika hospitali, haimfuati barabarani. Ila imeziba pengo ambalo huku kwetu ni kubwa zaidi, yaani mtu kufika hospitali ya wilaya alafu anaambiwa damu hamna, ndugu watafutwe.

Huku Tanzania na Kenya tuanze lini?

Tuseme ukweli. Majeruhi wetu wengi wanaletwa na bajaji, bodaboda, gari la polisi au msamaria aliyepita, hakuna aliyefundishwa ndani ya hicho chombo, sasa ukikipa damu nani atamwekea majeruhi? Na kama benki ya damu ya mkoa yenyewe inahangaika kuwapatia damu wamama wanaotokwa damu wakijifungua na watoto wenye malaria kali, kuchukua chupa nne za O ukazifungia kwenye gari zisubiri ajali ni uamuzi mgumu. Mimi ningeanza na vituo vya afya vilivyoko kwenye barabara ndefu zinazoua, kiwepo kifriji, chupa chache za O, ile sindano ya traneksamiki, na mtu wa zamu aliyefundishwa. Majeruhi anapita hapo, anabanwa jeraha, anawekewa, anaendelea na safari ya kwenda kwa daktari wa upasuaji. Hiyo nayo ni damu kabla ya hospitali, japo haina helikopta. Na fomu ya polisi ifuatwe na mtu mwingine huku mgonjwa anahudumiwa.

Nimekuta ajali, mimi sina damu wala dripu. Nifanye nini?

Zuia ile aliyonayo isitoke. Kitambaa, khanga, shati, chochote, gandamiza juu ya jeraha kwa nguvu zako zote na usiachie kila baada ya dakika kuchungulia. Damu ikiloanisha ongeza kitambaa juu, usitoe cha chini. Kama ni mkono au mguu na damu inaruka na kugandamiza hakusaidii, funga mkanda mpana juu ya jeraha, kati ya jeraha na mwili, usifunge kwenye kiungo, pitisha kijiti ukaze mpaka damu ikome. Itamuuma sana, hiyo ni kawaida. Andika saa uliyofunga hata kwenye paji la uso kwa kalamu. Usifunge kamba nyembamba wala waya, zinakata nyama. Mfunike asipoe, hata kama ni Dar na jua linawaka, aliyepoteza damu anapoa. Usimpe maji ya kunywa wala soda, anakwenda kwenye upasuaji.

Nataka kuchangia damu. Nani anaruhusiwa?

Kwa Tanzania uwe na miaka 18 mpaka 65, uzito usipungue kilo 50, uwe na afya nzuri, wingi wa damu unapimwa hapohapo kwa tone la kidole. Mwanaume anachangia kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Kunywa maji ya kutosha na usiende na njaa. Kama wewe ni O nenda hata kama hamna ndugu anayeumwa, usisubiri kupigiwa simu usiku.